Asembli ya mkono kwenye zlib: mashine kuukuu inapaa, mashine mpya inazidiwa na C. Kwa nini?

#1 Fundi_Rejista

Habari wakuu. Nina seva ndogo inayobana logi za nginx kila usiku, na programu ya kuzibana nimeiandika mwenyewe, inaita zlib (maktaba ya kubana data) moja kwa moja. Kazi ikawa inakula prosesa hadi asubuhi, nikaamua kufukua folda ya contrib ndani ya zlib 1.2.11. Mle kuna faili linaitwa gvmat64.S, ni longest_match iliyoandikwa kwa asembli ya biti 64, yaani amri za prosesa zilizoandikwa kwa mkono badala ya kutolewa na kompaila kutoka C.

Kwa wasioijua, longest_match ndiyo roho ya deflate, mbinu ya kubana ambayo zlib inatumia. Inachukua baiti zilizo mbele yake, inarudi nyuma ndani ya dirisha la KB 32 kutafuta wapi mfululizo huo ulishapita, na inataka ulio mrefu kuliko yote, kuanzia baiti 3 hadi 258. Perf, kipimaji cha Linux, inaonyesha muda mwingi unaishia humo.

Nimepima kwenye mashine mbili. Core 2 Duo E8400 kuukuu: asembli inaiacha C mbali. i5 ya kizazi cha 8: C inashinda, si kwa mengi, ila inashinda kila nikirudia. Kinachoniumiza kichwa ni kwamba kwenye hiyo i5 perf stat inasema asembli imetekeleza amri chache kuliko C, halafu imetumia mizunguko mingi zaidi ya saa. Amri chache, muda mwingi. Nani ana maelezo?

#2 Mtu_wa_Tandale

Nimeweka kambi. Ngoja waje wenyewe.

#3 KijanaWaRoysambu

Asembli siku hizi? Boss, shusha kiwango cha kubana kutoka 9 hadi 1, ulale.

#4 Binti_Kashe

Huyo wa #3 anatania lakini ana hoja. Fungua deflate.c, kuna jedwali dogo linaitwa configuration_table. Kiwango cha 9 kinaruhusiwa kufuata mnyororo wa hashi (orodha ya mahali pa nyuma panapoweza kufanana) hadi hatua 4096, cha 6 hatua 128, cha 1 hatua 4 tu. Muda haushuki kwa uwiano huohuo, maana mnyororo mara nyingi unaisha kabla ya kikomo, ila ndiyo sababu viwango vinapishana kasi kiasi kile. Kaka, unatumia kipi?

#5 Fundi_Rejista

9. Diski ni ndogo, na logi zinapandishwa kwenda seva nyingine kwa intaneti ya kulipia kila GB. Kila asilimia ina bei.

#6 Mzee_wa_486

Maswali mawili kabla watu hawajaanza kubashiri.

La kwanza, ulijenga kwa -DASMV, bendera ya kuwasha asembli? Bila hiyo, longest_match ya C inabaki palepale na faili lako la .S linakaa kama mapambo. Nimeona vijana wakipima C dhidi ya C na kuandika ripoti.

La pili ni kwa wasomaji wengine: amri ya gzip mnayoiandika kwenye Linux HAITUMII zlib. GNU gzip ina deflate yake yenyewe. Ukiharakisha zlib, gzip yako haitasikia kitu. Inayotumia zlib ni pigz, ya Mark Adler, yuleyule aliyeandika zlib pamoja na Jean-loup Gailly.

#7 Fundi_Rejista

Shikamoo mzee. Ndiyo, -DASMV ipo, na nimepitisha nm (inayoorodhesha majina ya fankisheni ndani ya binari) nikaona alama inatoka kwenye faili la .S. Programu ni yangu, gzip haihusiki.

#8 Mtu_wa_Tandale

Kumbe gzip haitumii zlib? Miaka yote hii naambiwa ni kitu kimoja.

#9 Mzee_wa_486

Marahaba. Umbizo ni lilelile, RFC 1951 ya Mei 1996, na mzizi wa deflate ni Phil Katz na PKZIP yake. Msimbo ndio tofauti.

#10 Mbeba_Baiti

Mimi naona jibu ni kompaila tu. Core 2 yako ina mfumo gani na gcc ipi? Ukilinganisha asembli na C ya gcc ya zamani, asembli lazima ing'ae. Ukiilinganisha na C ya gcc mpya, inafifia. Asembli haijabadilika hata baiti moja, aliyebadilika ni mpinzani.

#11 Fundi_Rejista

Kuukuu ina Ubuntu 12.04, gcc 4.6. Mpya ina Debian 12, gcc 12.

#12 Mbeba_Baiti

Basi hukupima prosesa, umepima gcc. Jenga binari moja isiyotegemea maktaba za nje kwenye Debian, ihamishie kuukuu, pima tena. Kerneli ya 12.04 ni 3.2, glibc (maktaba ya msingi ya C) ya Debian 12 bado inaikubali.

#13 BakariMaskati

Salaam kutoka Maskati. Nadhani mnasahau kumbukumbu. Deflate kwa mipangilio ya kawaida inahitaji kama KB 256: KB 128 kwa dirisha na mnyororo, KB 128 nyingine kwa jedwali la hashi na mabafa. E8400 ina kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya L2 ya MB 6. i5 ya kizazi cha 8 ina L2 ya KB 256 kwa kila kiini, yaani imejaa hadi ukingoni, kinachomwagika kinakwenda L3, kashe iliyo mbali na ya polepole zaidi. Kwenye kuukuu kila kitu kinakaa karibu.

#14 Binti_Kashe

Shehe, namba zako ni sahihi, hitimisho ndilo linalonipa shida. C nayo inatembea kwenye kumbukumbu ileile, mnyororo uleule, mpangilio uleule. Kashe ingeadhibu zote mbili sawasawa. Hiyo inaeleza kwa nini i5 haikimbii kama inavyotarajiwa, haielezi kwa nini C inapita asembli ndani ya mashine moja.

#15 BakariMaskati

Isipokuwa kama C inaanza kusoma mapema kuliko asembli. Prosesa mpya inapanga amri upya kwa dirisha kubwa zaidi. Msimbo wenye minyororo mifupi ya utegemezi unaficha ucheleweshaji wa L3, wenye minyororo mirefu hauwezi. Sijafuta hoja yangu.

#16 KijanaWaRoysambu

Hapa sasa ndipo naletewa chai.

#17 Mrima_Koda

Nimeufungua gvmat64 mstari kwa mstari. Kitanzi cha ndani ni kizuri: kinasoma baiti 8 za upande huu, kinafanya XOR na baiti 8 za upande ule, kama jibu ni sifuri (zote zinafanana) kinaendelea. Shida iko mwisho, pale jibu lisipokuwa sifuri na inabidi ujue ni baiti ya ngapi iliyotofautiana. Angalieni:

test eax, 0000FFFFh, kisha ruka.
test eax, 0FFFFFFFFh, kisha ruka.
Sogeza biti 32, or ax,ax, ruka tena.
Mwisho sub al,1 na adc rdx,0.

Huo mwisho ni ufundi mtupu: kama baiti ya chini ni sifuri, sub inakopa, adc inaongeza ule mkopo kwenye urefu, hakuna kuruka. Lakini ile miruko mitatu ya juu inategemea data tupu. Mfanano unaweza kukatika popote kati ya baiti 8, na prosesa inabeti mapema mruko utakwenda wapi. Ikibeti vibaya mkeka umechanika, unalipa mizunguko kama 15 hadi 20 kuanza upya. Na hilo linatokea kila mfanano unapokatika.

Leo mtu angeandika XOR, kisha tzcnt (inayohesabu biti za sifuri upande wa chini), kisha sogeza kulia biti 3. Amri tatu, hakuna mruko. Libdeflate na zlib-ng, maktaba nyingine za deflate, zinafanya hivyo, tena kutoka kwenye C.

#18 Mzee_wa_486

Mrima, umesoma vizuri, ila usimcheke aliyeandika. Enzi za AMD K8, bsf, amri ya zamani ya kazi hiyohiyo, ilikuwa nzito, na tzcnt haikuwepo. Miruko mitatu ilikuwa bei nafuu wakati huo. Kabla yake contrib ilikuwa na asm586 na asm686, mbili tofauti, kwa sababu Pentium ya kwanza ilitaka amri zipangwe jozi jozi kwa mabomba ya U na V, na Pentium Pro ikaja haitaki habari hiyo kabisa. Kila asembli ina prosesa iliyoandikiwa.

#19 Mbeba_Baiti

Nakubaliana na #17 nusu. Kama mikeka ndiyo chanzo, mbona Core 2 haiumii? Nayo ina adhabu ya mizunguko kama 15. Na C ya zlib inalinganisha baiti moja moja, miruko minane mfululizo ndani ya kitanzi. Nayo inabeti.

#20 Mrima_Koda

Kubeti kwa Skylake (familia ya i5 yako) na kubeti kwa Core 2 ni vitu viwili. Kibashiri kipya kinakumbuka historia ndefu ya miruko. Logi za nginx zinajirudia mno, IP ileile, njia ileile, kwa hiyo miruko minane ya C inaweza kuwa inakaririka. Core 2 haikariri kiasi hicho.

#21 Fundi_Rejista

Mrejesho. Nimefanya alivyosema Mbeba_Baiti, binari moja kwenye mashine zote mbili. Kwenye Core 2 pengo limepungua sana, lakini asembli bado iko mbele. Kwenye i5 hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo gcc anaeleza sehemu, si yote.

#22 Mbeba_Baiti

Sehemu kubwa. Andika hivyo.

#23 Dada_Pikseli

Jambo jingine mnaliruka. Core 2 ikiwa kwenye hali ya biti 64 haiwezi kuunganisha cmp (amri ya kulinganisha) na mruko unaofuata kuwa operesheni moja. Uunganishaji huo kwenye Core 2 ulikuwa wa biti 32 tu, Nehalem, familia iliyofuata ya Intel, ndiyo iliuleta kwenye 64. C ya zlib ni cmp na mruko, cmp na mruko, hadi mwisho. Kwenye Core 2 kila jozi ni operesheni mbili, kwenye i5 ni moja. C imepewa zawadi ambayo asembli ya gvmat64 haikupata kiasi hicho, kwa sababu kitanzi chake ni xor na jnz (mruko), na xor haimo kwenye orodha ya zinazounganika.

Na hilo linaingiliana na hesabu yako ya #1. Perf inahesabu amri, haihesabu operesheni zinazotoka baada ya kuunganishwa. "Amri chache" haina maana ya "kazi chache".

#24 Mzee_wa_486

Hiyo ya #23 nimeipenda. Dada, wewe huwa unafanya kazi gani?

#25 Dada_Pikseli

Video, mzee. Kwetu asembli haijafa. Dav1d ya VideoLAN, kifungua-video cha AV1, sehemu kubwa ni asembli ya mkono, na hakuna anayeomba radhi. Ila pikseli 16 za jirani hazisubiriani. Deflate ni balaa, hasa upande wa kufungua: hujui msimbo wa Huffman (wenye urefu usio sawa) unaofuata unaanza biti ya ngapi hadi umalize kusoma urefu wa huu wa sasa. Rejista zako pana zote zinakaa zinatazamana.

#26 Mrima_Koda

Ndiyo maana Yann Collet kwenye zstd, mbinu mpya zaidi ya kubana, aliigawa Huffman mikondo minne. Umbizo lenyewe linakuruhusu kufungua minne kwa pamoja, prosesa inapata kazi ya kufanya huku ikisubiri. Toleo la 1.5.1, Desemba 2021, likaleta asembli ya mkono kwa hiyo kazi kwenye x86-64 yenye BMI2 (amri za ziada za kushughulikia biti). Hapo asembli ililipa, kwa sababu kompaila ilikuwa inashindwa kuweka hali ya mikondo minne yote ndani ya rejista.

#27 Binti_Kashe

Na Januari 2022 wakatoa 1.5.2 kwa haraka. Faili la asembli lilikosa alama ya kusema "sihitaji staki inayotekelezeka" (eneo la kumbukumbu linaloruhusiwa kuendesha msimbo, jambo la hatari kiusalama), kwa hiyo binari za mashine zisizo amd64 (jina jingine la x86-64), ambazo hata hazitumii ile asembli, zikawa zinaandikwa kuwa zinataka staki inayotekelezeka. Mstari mmoja uliokosekana. Kompaila huwa inauandika yenyewe bila kuombwa.

#28 Mtu_wa_Tandale

Si ndiyo hivyohivyo walivyopenyeza mlango wa nyuma kwenye xz, ile programu nyingine ya kubana? Kupitia asembli?

#29 Mzee_wa_486

Hapana kijana, usichanganye. Xz 5.6.0 ya Februari 2024 ilikuwa kweli na asembli mpya ya kufungua LZMA (mbinu ya kubana ya xz), na ilikuwa halali. Mlango wa nyuma ulifichwa kwenye mafaili ya majaribio yaliyobanwa, na ufunguo wake ulikuwa ndani ya build-to-host.m4 iliyokuwemo kwenye kifurushi cha kupakua. Ulijishikiza kwenye ifunc za CRC (hesabu ya kukagua kama data imeharibika), ule utaratibu wa kuchagua toleo la haraka kulingana na prosesa wakati programu inaanza. Andres Freund aliunasa kwa sababu kuingia kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde.

#30 BakariMaskati

Kwa hiyo ni tamaa ya kasi iliyofungua dirisha, hata kama asembli haina hatia.

#31 Mzee_wa_486

Sitabisha sana.

#32 KijanaWaRoysambu

Tukizungumzia CRC, kwa nini msianzie huko? SSE4.2 (seti ya amri za ziada za x86) ina amri ya crc32 tayari. Moja kwa moja, mambo yameisha.

#33 Dada_Pikseli

Mtego wa kila mwaka huo. Amri ya SSE4.2 inakokotoa CRC-32C, polinomia ya Castagnoli. Gzip na PNG zinatumia polinomia nyingine. Utapata jibu la haraka ambalo kila kifungua-faili duniani kitalikataa. Kwa gzip kwenye x86 unatumia PCLMULQDQ, amri ya kuzidisha polinomia. ARMv8 ndiyo ina amri za zote mbili, hata kwenye simu za bei ya chini nyingi. Na zlib 1.2.12 ilipata CRC mpya ya C tupu, ile ya kusuka, wenyewe wanasema ni haraka mara 1.5 hadi 3 kuliko ya awali.

#34 KijanaWaRoysambu

Nimekoma. Narudi kwa JavaScript yangu.

#35 Fundi_Rejista

Swali la pembeni, mbona contrib ya matoleo mapya haina tena gvmat64? Nimeipata 1.2.11 pekee.

#36 Mzee_wa_486

Iliondolewa kwenye 1.2.12, Machi 2022. Orodha ya mabadiliko inasema wazi kwamba ni asembli ya zamani ambamo hitilafu zimejitokeza. Ukitaka kuona hatari yenyewe, angalia mwanzo wa faili: nafasi za vitu ndani ya deflate_state (muundo wa C unaoshika hali ya kazi) zimeandikwa kwa namba. Mtu akisogeza kitu kimoja kwenye muundo wa C, asembli inasoma kisicho chake, kimya kimya, na AddressSanitizer, kikaguzi cha makosa ya kumbukumbu, haioni ndani ya asembli. Toleo hilohilo ndilo lililoziba hitilafu ya usalama CVE-2018-25032. Nakushauri usiweke 1.2.11 kwenye seva ya kweli kwa ajili ya faili moja.

#37 Mbeba_Baiti

Nyongeza kwa anayefikiria kuhamia zlib-ng au tawi la zlib la Cloudflare: data iliyobanwa itakuwa halali, lakini baiti hazitakuwa zilezile. Mnakumbuka Januari 2023? Git 2.38 iliacha kuita gzip ya nje kwa ajili ya git archive, ikatumia zlib ya ndani. GitHub walipoipandisha, hashi (namba za utambulisho wa faili) za vifurushi vya tar.gz zikabadilika, majenzi ya watu yakaanguka kila upande, wakairudisha siku hiyohiyo. Data ndani ilikuwa ileile. Kama kuna mahali umehifadhi hashi ya faili lililobanwa, jiandae.

#38 Binti_Kashe

Turudi kwenye i5. Hakuna aliyetaja kasoro ya JCC (miruko yenye masharti). Novemba 2019 Intel walitoa maikrokodi (sasisho la ndani ya prosesa) kwa familia ya Skylake, na kizazi cha 8 kimo. Baada ya hapo, mruko unaovuka au kuishia kwenye mpaka wa baiti 32 unafanya kipande hicho cha msimbo kisikae kwenye kashe ya amri zilizokwishachambuliwa. Prosesa inalazimika kuzichambua upya kila mzunguko. gvmat64 ina miruko iliyobanana kweli, na iliandikwa miaka mingi kabla ya kasoro hiyo kujulikana. Mruko mmoja ukiangukia pabaya ndani ya kitanzi, amri ni zilezile chache, mizunguko inapanda. Ndiyo picha yako ya #1 hasa.

Jaribu: pitisha -Wa,-mbranches-within-32B-boundaries, binutils 2.34 kwenda juu. Kwa asembli NA kwa C, usipendelee.

#39 Mrima_Koda

Hiyo ni hoja nzito. Lakini na mimi nataka jaribio langu: futa ile miruko mitatu, weka tzcnt. Core 2 itaisoma kama bsf, na hapo jibu halibadiliki kwa sababu thamani kamwe si sifuri.

#40 Fundi_Rejista

Nimefanya yote mawili kwenye i5.

Kupanga miruko peke yake: asembli imeisogelea C, haijaifikia. C yenyewe haikubadilika.
Tzcnt peke yake: asembli imeipita C kidogo.
Zote mbili kwa pamoja: ni sawa na tzcnt peke yake, hakuna nyongeza ninayoweza kuiamini.

#41 Mrima_Koda

Mikeka. Nilisema.

#42 Binti_Kashe

Taratibu kaka. Ukifuta miruko mitatu umefuta pia nafasi tatu za kuangukia mpaka wa baiti 32, na umesogeza msimbo wote unaofuata. Jaribio lako halitenganishi hoja yako na yangu. Tunahitaji branch-misses (idadi ya mikeka iliyochanika) kabla na baada, na idq.dsb_uops (operesheni zinazotoka kwenye kashe ya amri zilizochambuliwa) pia.

#43 Dada_Pikseli

Na hamjagusa kabisa swali la kwa nini Core 2 iliipenda. Hoja ya kuunganisha bado imesimama.

#44 BakariMaskati

Na kashe pia.

#45 Binti_Kashe

Shehe!

#46 Mbeba_Baiti

Fundi, hizi zote umepima kwa logi tu? Logi zina mifanano mirefu, kitanzi cha baiti 8 kinang'aa. Chukua mafaili ya majaribio ya Silesia, mle kuna maandishi, binari, XML na picha za hospitali. Nina shaka mpangilio utageuka kwenye mifanano mifupi.

#47 Fundi_Rejista

Napakua sasa, bando likiruhusu. Mwenye Ryzen anisaidie kupima huko, nimeweka binari zote nne pamoja na hati ya kupimia kwenye kiambatisho. Hiyo ya tzcnt nimeijengea juu ya 1.3 na si 1.2.11, mzee wa #36 asije akanigombeza.

#48 Mzee_wa_486

Na zile nafasi za deflate_state umezihesabu upya?

#49 Fundi_Rejista

Kwa offsetof, zinazalishwa wakati wa kujenga. Hakuna namba ya mkono.

#50 KijanaWaRoysambu

Nina Ryzen ya kizazi cha pili hapa, nimerudi kutoka JavaScript. Naendesha vipi hiyo hati, inataka ruhusa ya root?